Njia za Majeshi ya Warumi katika Nchi za Balkani

Kati ya Bahari ya Adriatiki upande wa magharibi na Bahari Nyeusi upande wa mashariki imetanda nchi ya majabali, ambayo mito yake hupenya katika mabonde membamba na mapito yake huzibwa na theluji kwa miezi kadhaa ya kila mwaka. Na nchi hiyo, iitwayo leo Balkani, ndiyo iliyokuwa kiungo cha Dola ya Warumi, kwa kuwa makao ya dola yalikuwa Italia, ilhali sehemu kubwa ya utajiri wake ilikuwa Asia, Sham na Misri, na bahari iliyozitenga pande hizo ilikuwa haiendeki wakati wa baridi, ambapo vyombo vilifunga bandarini kama majahazi yetu yalivyongojea pepo za msimu, hata jeshi lenye haraka likawa halina budi kwenda kwa miguu. Tarikh ya njia walizozitengeneza Warumi katika milima hiyo husimuliwa aghalabu kwa kuwasifu makaisari walioamrisha kazi na mafundi walioitimiza, na sifa hizo ni haki yao. Lakini barabara hailishi farasi, wala haimlazi askari, wala haijitengenezi baada ya mafuriko, na mambo hayo yote yalibebwa na watu wa vijiji vya kandokando, ambao kwa maoni yangu ndio wenye hisa kubwa katika habari hii na ndio waliopata kutajwa kidogo kuliko wote.

Ya kwanza katika njia hizo ilikuwa ile ya kusini, iliyojulikana kwa jina la Via Egnatia. Warumi walivuka Adriatiki na majeshi yao kwa mara ya kwanza mwaka 229 kabla ya Masihi, na walipokwisha kuifanya Makedonia kuwa jimbo lao, katikati ya karne ya 2 kabla ya Masihi, liwali wao Gnaeus Egnatius akaamrisha ijengwe barabara kutoka bandari mbili za pwani ya Albania ya leo, Apollonia na Dyrrachium, ambayo sasa huitwa Durrës, kuelekea macheo ya jua. Jina la liwali huyu limetufikia kwa jiwe la maili lililopatikana karibu na Thesalonike, limechongwa kwa Kilatini na kwa Kiyunani, nalo lataja maili 260 tangu Dyrrachium. Maili ya Kirumi ilikuwa mita 1,480 hivi, na Polybius, mwandishi wa zama hizo, alihesabu maili 535 hadi mto Hebrus katika Thrakia, nchi iliyo mashariki ya Makedonia. Baadaye njia ikaendelezwa hadi Byzantium, mji uliokuja kuitwa Constantinople na sasa Istanbul.

Wasafiri wake mashuhuri ni wengi, nami sitakaa sana kwao. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliipita mwaka 58 kabla ya Masihi alipokuwa amehamishwa nchini mwake, na miaka miwili baadaye akasimama mbele ya Seneti kulaumu kwamba njia hii ya jeshi imeachwa hata Wathrakia wanapiga kambi juu yake. Mwaka 42 kabla ya Masihi, katika vita vya Warumi wao kwa wao, majeshi ya Antonius na Octavianus yalikutana na yale ya Brutus na Cassius penye barabara hii hii, nje ya mji wa Filipi. Na miaka 90 hivi baada ya vita hivyo Mtume Paulo alishuka chomboni Neapoli, akashika njia ya Filipi na Thesalonike, na kwa njia iliyojengwa kupitishia askari dini mpya ikaingia Ulaya.

Huko Dalmatia, kwenye pwani ya Kroatia ya leo, barabara zilikuja nyuma ya upanga. Makabila ya Dalmatia na Pannonia yaliasi mwaka wa 6 baada ya Masihi, na Warumi wakapigana nayo miaka mitatu kwa taabu kubwa. Uasi ulipokwisha zimwa, liwali Publius Cornelius Dolabella aliwatoa askari wa legioni mbili, ndivyo vikosi vikuu vya jeshi, ya 7 na ya 11, akawapa sururu badala ya mikuki, wakafungua njia kutoka mji wa Salona kwenda ndani ya milima, ili asipate mtu tena pahali pa kujificha. Amri zake zilichongwa juu ya mawe, na vipande vya mawe hayo vilikuja kutumiwa na mafundi wa zama za kati katika mnara wa kengele wa kanisa kuu la Split, maana jiwe lililokwisha kuchongwa ni mali, na fundi haulizi lilikuwa la nani.

Lakini kazi iliyozishinda nyingine zote za zama zile, na ambayo hata leo mtu akiisoma hustaajabu, ilifanywa kwenye mto Danube. Mto huu ulikuwa mpaka wa dola, na pale ambapo leo unatenga Serbia na Romania, maji yake yote hubanwa katikati ya magenge marefu, yakapita kwa nguvu juu ya miamba kwa mwendo wa kilomita nyingi. Mabaharia wakauita mlango huo Lango la Chuma. Vyombo vya jeshi viliweza kuteremka kwa hatari, lakini kupanda haikuwezekana ila kwa kuvutwa kwa kamba kutoka ukingoni, na ukingo haukuwapo, kwani genge lilizama wima ndani ya maji. Ndipo Kaisari Tiberius akaamrisha ukingo utengenezwe. Maandishi ya mwaka 33 au 34 baada ya Masihi, yaliyochongwa juu ya jabali lenyewe, yanazitaja legioni mbili, ya 4 Scythica na ya 5 Macedonica, kwamba ndizo zilizofanya kazi; na baada yake Claudius alikarabati, na Domitian akakarabati, kila mmoja akiacha maandishi yake, jambo linalotuonyesha kwamba njia ile ilikuwa haidumu bila ya kutunzwa, na kwamba mto ulikuwa ukidai ushuru wake kila kizazi.

Aliyeikamilisha ni Kaisari Trajan, mwaka 100. Pahali palipowezekana mafundi wake walilichonga jabali hata wakapata upenyo wa kupita. Na palipokuwa pagumu mno walitoboa matundu chini ya ukingo ule mwembamba, wakachomeka boriti nzito za miti zikatokeza juu ya maji, wakatandika mbao juu ya boriti, na askari wakapita nusu juu ya jiwe na nusu juu ya hewa, na mto unanguruma chini ya nyayo zao. Mwaka uliofuata alichimba mfereji kuuepuka mkondo wa miamba, na kati ya mwaka 103 na 105 Apollodorus, fundi mzaliwa wa Dameski katika nchi ya Sham, alimjengea daraja juu ya nguzo 20 za mawe, lenye urefu uliozidi kilomita moja, ambalo majeshi yalilivuka kwenda kuumaliza ufalme wa Dakia katika Romania ya leo. Daraja lile halikuishi. Mwanahistoria Cassius Dio anasimulia kwamba Hadrian, mrithi wa Trajan, aliiondoa sakafu yake kwa kuchelea adui wasilivuke kuja upande wa kusini. Njia ya gengeni ilibaki hadi karne ya 20, na bwawa la umeme lililojengwa na Yugoslavia na Romania lilipokamilika mwaka 1972, maji yakapanda na kuifunika. Kibao cha maandishi cha Trajan kilikuwa kimeokolewa kabla, kikakatwa pamoja na jabali lake na kupandishwa mita zaidi ya 20, na wapitao mtoni kwa vyombo hukiona hata sasa. Lakini alama za sururu za wale askari zimo majini.

Sasa niingie katika njia iliyo moyo wa habari hii, nayo ni ile ikatayo Balkani kimshazari, kutoka Singidunum, ndio Belgrade, hadi Byzantium, mwendo unaozidi kilomita 900. Ilifuata bonde la mto Morava hadi Naissus, uitwao leo Niš, alikozaliwa Kaisari Constantine. Ikapanda hadi Serdica, ndio Sofia. Ikavuka milima kwa pito ambalo watu huliita Lango la Trajan, ikashuka bonde la mto Maritsa hadi Philippopolis, ndio Plovdiv, kisha Hadrianopolis, ndio Edirne, na kutoka hapo uwanda mtupu hadi baharini. Jeshi lililokwenda maili 20 za Kirumi kila siku, pasipo siku hata moja ya mapumziko, lilihitaji mwezi mzima na zaidi kuimaliza. Wala isidhaniwe kwamba safari nzima ilikuwa juu ya mawe makubwa yaliyopangwa kama tunavyoyaona katika picha za Roma. Yalikuwapo karibu na miji na penye tope, lakini sehemu kubwa ilikuwa changarawe na kokoto zilizoshindiliwa juu ya msingi wa mawe, yenye mgongo katikati ili maji ya mvua yateremke kandoni.

Kilichoifanya iwe njia ya dola, nayo isiwe njia tu, ni manzili zake. Thrakia ilitiwa katika majimbo ya Warumi mwaka 46 baada ya Masihi, na miaka 15 tu baadaye, mwaka 61, jiwe moja lililopatikana katika nchi ya Philippopolis linasema kwamba Kaisari Nero aliamrisha zijengwe nyumba za wageni na nyumba za maofisa kando ya njia za jeshi, chini ya usimamizi wa mwakilishi wake Titus Iulius Ustus. Kila baada ya maili chache palikuwa na kituo cha kubadilishia wanyama, na kila mwisho wa mwendo wa siku palikuwa na manzili kubwa yenye ghala, zizi, maji ya kuoga na mahali pa kulala. Mkristo mmoja wa Bordeaux aliyekwenda kuzuru Yerusalemu mwaka 333, ambaye jina lake halikuhifadhiwa, ametuachia orodha ya vituo vyote alivyovipita, kimoja baada ya kimoja, pamoja na hesabu ya maili baina yao. Alikwenda kwa njia hii ya mshazari na kurudi kwa Via Egnatia, na mtu akiisoma orodha ile, kavu kama ilivyo, huona jinsi dola nzima ilivyokuwa imefungwa fundo kwa fundo kama kamba ya kupimia.

Na hapa ndipo swali langu linaposimama. Farasi wale wa kubadilishwa walitoka wapi, na shayiri yao, na kuni za hamamu, na nyumbu wa kubebea mizigo ya legioni, na mkate wa afisa aliyefika usiku bila taarifa? Sheria ilisema kwamba mwenye cheti cha Kaisari ana haki ya kupewa usafiri na malazi, na wengine sharti walipe. Lakini sheria iliandikwa Roma, na farasi alikuwa zizini kwa mkulima wa Thrakia. Aliyeshika silaha hakuulizwa cheti. Shokoa ya wanyama na ya watu ikawa ndiyo kodi nzito kuliko kodi zote, kwa kuwa haikuwa na kiasi wala majira, ikamkuta mtu katikati ya mavuno na kumtwalia ng'ombe wa kulimia, naye asijue kama atarudishiwa.

Serikali yenyewe ilijua. Mwaka 202, katika ufalme wa Septimius Severus, liwali wa Thrakia Quintus Sicinnius Clarus aliasisi soko jipya kando ya njia ya mshazari, mahali palipoitwa Pizos, na jiwe la kuasisiwa kwake limeorodhesha majina ya watu zaidi ya 160 waliotolewa katika vijiji vya jirani kuja kukaa pale. Ili wakubali kukaa njiani, waliahidiwa mambo ambayo, kwa kuyataja tu, yanatufunulia yale waliyokuwa wakiyachukia: wamesamehewa mchango wa nafaka, wamesamehewa kutoa walinzi wa minara, wamesamehewa shokoa. Nao wakuu wa mahali wakapewa amana ya majengo ya serikali na hamamu, wayakabidhi kwa wafuatao yakiwa katika hali njema. Kwangu mimi jiwe hili ni ungamo la dola kwamba kando ya barabara yake palikuwa hapakaliki bila ya ruhusa maalumu.

Vijiji visivyopata msamaha huo hali yao tunaijua kwa kinywa chao wenyewe. Katika nchi ya Pautalia, karibu na Blagoevgrad ya leo huko Bulgaria, palikuwa na kijiji kiitwacho Skaptopara, ambacho Mungu alikijaalia neema mbili zilizogeuka kuwa balaa: chemchemi za maji ya moto, na jirani yake, maili mbili tu, soko mashuhuri lililokusanya watu kila mwaka kwa siku 15. Tena kilikuwa kati ya kambi mbili za jeshi. Mwaka 238 wanakijiji waliandika arudhihali kwa Kaisari Gordian wa Tatu, wakaituma kwa mkono wa Aurelius Pyrrhus, askari wa walinzi wa Kaisari aliyekuwa na shamba kijijini na kuhesabiwa mwenzao. Na arudhihali hiyo, pamoja na jibu lake, wakaichonga juu ya jiwe ambalo liligunduliwa mwaka 1868.

Wanaeleza kwa adabu, lakini uchungu wao hausitiriki. Waendao sokoni hawatosheki na soko, bali huja kijijini kudai malazi na vitu vingi pasipo kulipa, askari waliotumwa kwingine huacha njia yao na kuja kudai vivyo hivyo, malipo hakuna. Maliwali na wakuu wa hazina nao huja kwa ajili ya maji ya moto, na hao wanakijiji wanawapokea kwa kuwa ndio wajibu wao, lakini hao wengine hawawawezi tena. Wamekwisha shitaki kwa maliwali, maliwali wakatoa amri waachwe kwa amani, amri ikaheshimiwa muda mchache, kisha mambo yakarudi yalivyokuwa. Wenye nyumba waliokuwa wengi wamebaki wachache. Wakiachwa kama wengine watakaa na kulipa kodi. Wakizidi kuonewa, watayahama makao ya baba zao, na hazina ya Kaisari itapata hasara. Nastaajabia busara ya hoja hii ya mwisho, kwani watu hao wa shamba walifahamu vema kwamba machozi yao hayana uzito mbele ya serikali kama ulivyo uzito wa kodi. Jibu la Kaisari lilikuwa fupi, kwa Kilatini: jambo hili lipelekwe kwanza kwa liwali. Wakarudishwa pale pale walipotoka. Na bado walilipa mchongaji, wakayaandika yote mawili juu ya jiwe na kulisimamisha, kwa sababu jina la Kaisari, hata katika jibu tupu, huenda likamtia hofu askari mwenye kusoma.

Sehemu ya magharibi ya dola ilipoanguka, njia hazikuanguka pamoja nayo. Kaisari Justinian, katika karne ya 6, alitandika mawe makubwa karibu na Constantinople pahali ambapo mvua ilikuwa ikigeuza barabara kuwa tope. Harun ibn Yahya, Mwarabu aliyechukuliwa mateka Askalani na kupelekwa Constantinople, alipofunguliwa alikwenda Thesalonike kwa siku 12, akapita katika uwanda wenye mashamba na vijiji, na habari zake zimehifadhiwa na mwandishi Ibn Rusta. Al-Idrisi naye, mwanajiografia ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1154 ameitaja Malindi na Mombasa, amepanga humo humo miji ya Balkani kwa hesabu ya mwendo baina yake. Wanajeshi wa Msalaba waliifuata njia ya mshazari tangu mwaka 1096, na Frederick Barbarossa, mfalme wa Wajerumani, alipofika mwaka 1189 alikuta pito la Lango la Trajan limezibwa kwa magogo na mawe kwa amri ya Constantinople. Maana njia iliyo nzuri kwa jeshi lako ni nzuri vilevile kwa jeshi la mwingine, na Hadrian alikuwa ameyajua hayo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake.

Waosmani walipoingia Ulaya katika karne ya 14 hawakutafuta njia mpya. Jemadari wao Ghazi Evrenos, aliyefariki mwaka 1417, alikwenda kwa Via Egnatia kuelekea magharibi, na nyuma yake akaacha wakfu: nyumba ya kulishia wasafiri huko Gümülcine, uitwao leo Komotini, na musafirhana karibu na mji wa kale wa Traianoupolis. Hapa mzigo ulibadilika umbo, kwa kuwa msafiri alikula kwa mapato ya wakfu, hakuingia tena nyumba ya mtu kudai. Ingawa mapato hayo nayo yalitoka katika ardhi, na ardhi ililimwa na watu wale wale. Vijiji vya mapitoni vilipewa kazi ya ulinzi, vikaitwa vya derbendci, na wakazi wake walisamehewa kodi kadhaa kwa sharti ya kulinda njia na kutengeneza madaraja. Mtu aliyelisoma jiwe la Pizos hataona jambo jipya katika mapatano hayo.

Mwaka 1877 mwanahistoria Konstantin Jireček alichapisha huko Prague kitabu kizima juu ya njia ya jeshi kutoka Belgrade hadi Constantinople, na miaka 11 baadaye, mwaka 1888, garimoshi likaanza kwenda moja kwa moja kutoka Vienna hadi Istanbul kwa kupitia Niš, Sofia, Plovdiv na Edirne, likiliacha Lango la Trajan peke yake, kwa kuwa mwinuko wake ulikuwa mkali kwa reli, na kushuka badala yake katika korongo la Maritsa. Mtu angeweza kudhani kwamba kwa reli hiyo shokoa ya wanyama imekwisha. Lakini mwaka 1912, Bulgaria ilipoingia vitani na Uturuki na majeshi yake yakaingia Thrakia kuelekea Edirne, chakula na risasi za askari zilifuata nyuma yao kwa magari ya ng'ombe yaliyotwaliwa kwa wakulima.